Cherehani Imegoma: Utengeneze Mwenyewe, Umwite Fundi au Ununue Nyingine?

Sehemu za cherehani zina ngazi zake za bei. Sindano moja ni kitu cha mamia ya shilingi. Mkanda, bobini na nyumba ya bobini ni vitu vya maelfu. Shato (ile ndoano inayokamata uzi chini ya sindano), mota na jasho la fundi wa mashine vinaingia kwenye makumi ya elfu. Kichwa kipya ni malaki. Hitilafu nyingi zinazomfanya mtu apakie cherehani yake kwenye bajaji zimo kwenye ngazi mbili za mwanzo, lakini wengi huanzia ya tatu, na wenye kazi za watu mkononi huweza kurukia ya nne kwa kuchanganyikiwa tu. Desemba ndiyo mbaya zaidi: shule zinafunguliwa Januari, vitambaa vya sare vimerundikana, na mashine iliyoshona mwaka mzima inaanza kuruka mishono.

Ninayoyaandika hapa yanamhusu zaidi mwenye cherehani nyeusi ya chuma, ile ya pedeli, iwe Butterfly, Singer au chapa nyingine inayofanana nazo, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye vibaraza vyetu. Kufanana kwa mashine hizi kuna historia, na historia hiyo inausaidia mfuko wako. Umbo lake limetokana na modeli ya Singer ya daraja la 15, iliyobuniwa Marekani karne ya 19. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Japani viliinakili na kuifanya kipimo cha pamoja, kisha Wachina nao wakaichukua. Butterfly yenyewe ni chapa ya Shanghai. Ndiyo maana bobini iliyonunuliwa kwa ajili ya mashine moja huingia kwenye nyingine, na ndiyo maana spea zake zinapatikana Kariakoo na pia kwenye kiduka cha vifungo na zipu cha mji mdogo. Ukiwa na mashine ya namna hii, kutengeneza karibu siku zote kunashinda kununua.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, piga hesabu. Nitatoa mfano wa kubuni, nawe uweke tarakimu zako. Tuseme ukishona siku nzima unabakiwa na shilingi 8,000 baada ya kutoa gharama. Ukiipeleka mashine kwa fundi anayetoza 20,000, nauli ya kwenda na kurudi nayo ikawa 8,000, naye akakaa nayo siku 4, umepoteza 60,000, kwa sababu siku hizo 4 ni 32,000 ambazo hazikuingia. Ukimwita fundi aje kwako kwa 35,000, ukapoteza nusu siku tu, jumla ni 39,000. Ukinunua sindano na mafuta kwa 3,500 ukajaribu mwenyewe nusu siku, ni 7,500. Na hata jaribio lako likishindikana ukalazimika kumwita fundi huyohuyo, jumla ni 46,500, bado chini ya mashine iliyolala dukani. Bei ya fundi ndiyo watu wanayobishania hadi shilingi ya mwisho, ilhali siku za kusubiri hawaziulizi kabisa. Swali la kwanza kwa fundi yeyote liwe: itatoka lini?

Kwa hiyo anza na sindano, hata kama inaonekana nzima. Sindano iliyopinda kidogo haionekani ikiwa ndani ya mashine. Ichomoe, ilaze kwa ule upande wa bapa juu ya kipande cha kioo, kisha angalia mwanga unaopita kati yake na kioo. Ukiwa mwembamba sawasawa hadi nchani, sindano imenyooka. Ukipanuka au kubanana kadiri unavyoelekea nchani, itupe. Halafu pitisha ncha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwaruza, imeharibika, na ndiyo inayovuta nyuzi za kitambaa na kukata uzi kila baada ya hatua chache. Kuruka mishono, kukata uzi, kutoboa matundu yanayoonekana, kutoa sauti ya kugonga kila ikishuka: yote manne yanaweza kuletwa na kitu hiki kidogo, na yote manne nimeona yakidaiwa kuwa ni shato mbovu.

Wakati wa kuirudisha, isukume hadi igote juu kabisa ndipo ukaze. Tazama pande zake mbili. Upande mmoja una mfereji mrefu unaoshuka hadi kwenye tundu. Uzi unaingilia huko. Upande wa pili una kibonyeo kidogo juu ya tundu. Huo ndio unaoangalia shato. Ukiigeuza, mashine haitafunga mshono hata mmoja, na unaweza kununua duka zima la spea bila kupona.

Namba nazo zina maana. Pakiti iliyoandikwa 90/14 inakwambia kwamba unene wa sindano ni milimita 0.9, na hiyo ndiyo ya kitenge, kanga na pamba ya kawaida. Jinzi na turubai zinataka 100/16 au 110/18. Shifoni na vitambaa laini vinataka 75/11. Vitambaa vya kuvutika, kama vya jezi, vinataka sindano yenye ncha ya mviringo inayosukuma nyuzi pembeni badala ya kuzitoboa. Ukishonea sindano ya kawaida, mishono itaruka hata kama mashine imetoka kiwandani jana. Na dukani taja aina ya mashine yako. Sindano za mashine ya nyumbani, HA×1, zina shina lenye upande mmoja bapa. Za mashine ya kiwandani, DB×1, zina shina la mviringo mtupu. Zinauzwa kwenye kaunta moja na kwa bei zinazokaribiana, na muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote iliyo karibu na mkono wake.

Uzi usipuuzwe. Ule wa bei ya chini kabisa unyooshe mbele ya dirisha: utaona mafundo, sehemu nene na sehemu nyembamba, na manyoya yanayodondoka. Manyoya hayo yanakwenda kujaa chini ya bamba la sindano. Unaokoa kidogo kwenye kigurudumu cha uzi, unalipia kwa usafi na kwa nguo inayofumuka mikononi mwa mteja.

Kuna tatizo moja linalopeleka mashine nyingi kwa mafundi bila sababu: uzi kujisokota chini ya kitambaa na kufanya kiota. Mtu akiona fujo iko chini hulaumu bobini, huanza kuzungusha skrubu ya nyumba ya bobini, na kuanzia hapo mashine inakuwa na makosa mawili. Chanzo kwa kawaida kiko juu. Uzi wa juu haukuingia kati ya visahani vya kikaza uzi, kwa hiyo hakuna kinachoushika. Nyanyua mguu wa kubana kitambaa kabla ya kutunga uzi, kwa sababu mguu ukiwa chini visahani hubana na uzi hukaa pembeni yake. Tunga upya toka mwanzo, hakikisha uzi umeshika kile kispringi kidogo kilicho pembeni ya visahani na umepita kwenye mkono unaopanda na kushuka. Shona kwenye kitambaa chakavu. Mara nyingi kazi inaishia hapo, kwa gharama ya sifuri.

Kama bado unaishuku bobini, ipime. Tia bobini kwenye nyumba yake, shika ncha ya uzi, iache nyumba ining'inie. Inatakiwa ikae hewani bila kushuka, na ukiutikisa mkono kidogo ishuke kiasi kisha isimame. Ikianguka moja kwa moja, imelegea. Isiposogea, imebana mno. Skrubu ile izungushwe robo mzunguko tu kwa mara moja. Bobini yenyewe iangalie ukingo wake. Ikiwa imebonyea au ina kutu, usihangaike nayo, nunua nyingine.

Sasa mashine iliyokaza, ile inayokataa kuzunguka kabisa. Hapa ndipo watu wanapoogopa zaidi, na ndipo wanapopoteza fedha nyingi. Usilazimishe gurudumu. Pandisha sindano kadiri inavyokubali, telezesha kibamba cha chuma kilicho kushoto kwake, chomoa nyumba ya bobini kwa kuvuta kilango chake. Nyuma yake kuna pete ya chuma iliyoshikwa na vishikio viwili, kimoja kila upande. Vifungue, pete itoke, na shato nayo itoke. Shato ina umbo la mwezi mchanga na ncha moja kali. Ipokee kwa kiganja isidondoke sakafuni, maana ncha ikibonyea umejitengenezea gharama ya ngazi ya tatu. Ndani ya mfereji iliyokuwa ikizungukia utakuta vumbi la pamba lililoshindiliwa na mafuta ya zamani, na mara nyingi kipande cha uzi kisichozidi urefu wa ukucha. Kipande hicho kinatosha kufunga cherehani nzima. Kitoe kwa kibanio, piga brashi kavu, futa kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta kwenye mfereji, rudisha kila kitu kilivyokuwa. Kabla ya kufungua, piga picha kwa simu. Picha hiyo ni bure na inamaliza ubishi wote wa kilikaaje.

Ikiwa kinachokaza ni sehemu nyingine, au mashine inazunguka kwa uzito na kulia, tatizo ni mafuta. Wapo wanaotia mafuta ya kula kwa sababu yako jikoni. Mafuta ya kula yanaganda na kuwa gundi, na mashine iliyopakwa hayo inaweza kuonekana imekufa kabisa baada ya miezi michache ya kukaa. Oili ya gari ni nzito mno na inachafua vitambaa. Mafuta ya cherehani ni mepesi na meupe kama maji, na chupa yake ndogo inahudumia nyumba muda mrefu. Kama gundi imeshaota, tia matone ya mafuta ya taa kwenye matundu ya mafuta na kwenye viungo vya chini, mbali na moto wowote, acha yalegeze gundi hiyo, zungusha gurudumu taratibu mbele na nyuma, futa uchafu unaotoka, rudia, na mwisho tia mafuta ya cherehani. Usiache mafuta ya taa peke yake. Yanasafisha lakini hayalainishi. Tone moja au mawili kwa kila tundu yanatosha, kisha shona kitambaa chakavu hadi mafuta ya ziada yaishe. Nguo ya mteja isiwe ndiyo ya kufutia.

Mkanda wa ngozi ukilegea, pedeli inakwenda lakini gurudumu linateleza. Usinunue mpya kwanza. Fungua klipu, kata sentimita moja au mbili, toboa tundu jipya, unganisha. Ukiwa umeshakatwa mara kadhaa na umekuwa mgumu kama ukuni, hapo nunua.

Na jambo la washa ya gurudumu nalitaja kwa sababu limewagharimu watu fedha za bure. Watu hufungua ile nati kubwa ya katikati ya gurudumu la mkono ili kusafisha, wakarudisha, kisha sindano haiendi ingawa gurudumu linazunguka, au inakwenda hata wakati wa kujaza bobini. Ndani mle mna washa yenye masikio, na inaweza kuingia kwa mikao miwili. Itoe, igeuze nusu mzunguko, irudishe. Hakuna spea iliyoharibika hapo.

Mpaka hapa hujatoka kwenye ngazi mbili za mwanzo. Kinachobaki kwa fundi ni majira ya sindano na shato. Sindano ikigonga zipu au pini kwa nguvu, mhimili unaoishika unaweza kuteleza kwenda juu kidogo, na kuanzia hapo ncha ya shato haiukuti uzi. Unaweza kukagua mwenyewe: ondoa bamba la sindano, zungusha gurudumu kuelekea kwako polepole, sindano ifike chini kabisa, kisha ianze kupanda. Ikishapanda kama milimita 2, ncha ya shato inapaswa kuwa inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu. Ikipita chini ya tundu au mbali sana juu yake, umeshajua ugonjwa. Kukagua nakushauri ufanye. Kurekebisha mara ya kwanza mwachie mwenye uzoefu, ukiwa umekaa pembeni unatazama, kwa sababu ni skrubu moja tu nyuma ya bamba la uso na mara ya pili utaweza. Hii nayo ni faida ya kumleta fundi nyumbani ambayo hesabu yangu ya awali haikuihesabu.

Ukimwita, mwonyeshe kipande cha kitambaa kilichoshonwa na mashine ikiwa mbovu, chenye uzi wa rangi moja juu na rangi nyingine chini. Fundi mzuri anakisoma kabla ya kugusa mashine. Mwulize bei ya ufundi na bei ya spea kila moja peke yake. Akisema shato imekwisha, mwambie, "Sawa fundi, nionyeshe ilipolika, na hiyo ya zamani nitabaki nayo." Mwenye haki hatakasirika. Kama ni lazima mashine iende dukani kwake, fungua kichwa tu, kwa sababu kina uzito unaozidi kilo 10 na meza haina ugonjwa, na uweke doa la rangi ya kucha kwenye shato na nyumba ya bobini. Lalamiko la kubadilishiwa vyuma vizuri kwa vichakavu ni la siku nyingi, na doa hilo linalimaliza kabla halijaanza.

Tuje kwenye kununua. Anayeshawishika zaidi ni yule anayeona cherehani ya umeme ya mtumba, nyepesi, nyeupe, yenye mishono ya mapambo, kwa bei inayokaribia ya kichwa kipya cheusi. Geuza nyuma usome kibandiko. Zilizotoka Japani zimetengenezwa kwa umeme wa volti 100, za Marekani 120. Soketi ya Tanzania inatoa 230 na ya Kenya 240. Ukiichomeka moja kwa moja kwa kubadilisha plagi tu, unaunguza mota au kadi yake ya ndani, na kadi ya modeli iliyoacha kutengenezwa huwezi kuitegemea kuipata. Ongeza kwenye bei yake transfoma ya kushusha umeme ndipo ulinganishe. Zilizotoka Ulaya hazina shida hiyo. Nyingi pia zina meno ya plastiki ndani, ambayo hupasuka kwa umri hata mashine ikiwa haikutumika sana, na meno hayo si ya kila duka. Mimi kwa mtu anayeshona kuuza, na ambaye hana mashine ya pili, singemshauri aifanye hiyo kuwa ya kwanza. Kwa anayetaka zigizaga na mapambo kando ya mashine yake nyeusi, ni sawa kabisa.

Kinachofaa zaidi kwa anayechoka miguu ni kuifungia mota mashine aliyonayo. Mota ndogo ya nyumbani ya wati 100 ikifanya kazi saa 5 mfululizo inakula nusu yuniti ya LUKU, na siku umeme ukikatika unarudisha mkanda kwenye pedeli. Mashine ya kiwandani ni hesabu nyingine; inalipa kwa mwenye oda za sare kwa wingi, lakini ukiinunua ya mtumba uliza mota yake ni ya klachi au ya servo. Ya klachi inazunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata ukiwa unakata kitambaa pembeni. Ya servo inazunguka unapokanyaga tu.

Kichwa cheusi nacho hufika mwisho. Pandisha sindano, shika mhimili wake kwa vidole viwili, utikise kushoto na kulia. Kisha shika gurudumu la mkono ulisukume ndani na kulivuta nje. Ukisikia mchezo mkubwa kote kuwili, vyuma vya ndani vimelika, na kila marekebisho ya majira yatadumu wiki chache tu. Hapo acha kumlipa fundi. Lakini usinunue seti nzima. Meza na miguu yake ya chuma inaishi kuliko vichwa viwili vitatu, na wauzaji wengi wanakubali kuuza kichwa peke yake ukiuliza. Pima tundu la meza yako kabla ya kwenda: kichwa cha kipimo cha kawaida kinakaa kwenye tundu la inchi 14 na nusu kwa inchi 7, na bawaba mbili za nyuma ulizonazo zitakishika bila kutoboa chochote.